Kabla hujampa mtu fedha yako akuwekezee

Kwa miaka 28 nilikuwa karani wa mizani katika vituo vya kununulia karafuu hapa Pemba. Nimestaafu, naishi Wete, na siku hizi watu wa shehia yangu huniletea karatasi. Mmoja kauza karafuu, mwengine kapata kiinua mgongo chake kutoka ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, mwengine mtoto wake aliyeko Uarabuni kamletea fedha za kujengea naye akaona bora kwanza zizae. Kila mmoja anakuja na karatasi yenye rangi nzuri, na wote huniuliza neno moja: "Mzee, hii ni kweli?"

Mimi si mshauri wa fedha, wala sina leseni ya kumwambia mtu aweke wapi. Ninachokijua ni namna ya kuuliza, nami nilijifunza baada ya kupoteza. Mwaka niliostaafu nilichukua shilingi 6,000,000 katika kiinua mgongo changu nikampa mpwa wangu azipeleke kwenye kampuni moja iliyoahidi asilimia 8 kwa mwezi. Nililipwa miezi mitano, jumla shilingi 2,400,000. Mwezi wa sita ofisi ilikuwa na kufuli, na shilingi 3,600,000 sikuziona tena.

Baada ya hapo nikawa nasoma kila ninachokipata juu ya namna fedha za watu zinavyopotea na namna sheria zinavyobadilishwa baadae, hasa zile zilizotungwa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008 ulioanzia Marekani ukaitikisa dunia. Nilichokikuta kiliniuma. Maswali ambayo mimi sikuyauliza ndiyo hayo hayo ambayo wastaafu wa Marekani, Uingereza na Australia hawakuyauliza, na ndiyo ambayo nchi zao ziliyaandika kuwa sheria watu walipokwisha kuumia. Nayaweka hapa, pamoja na namna ya kuyatumia huku kwetu.

Muulize analipwa na nani

Naanza na hili kwa sababu ndilo lililonigharimu, na kwa desturi zetu linaonekana ni utovu wa adabu. Mtu kaja nyumbani, kavua viatu, kanywa kahawa yako kibarazani, tena ni mtoto wa dada yako. Utamuulizaje anachopata?

Mpwa wangu si mwizi, na nataka lieleweke hivyo. Alikuja na faili la plastiki, ndani mna picha za ofisi iliyoko Unguja, jedwali la faida na majina ya watu waliokwisha kulipwa. Alizungumza saa nzima na kila alichokisema alikiamini. Yeye mwenyewe alikuwa ametia humo fedha alizouzia vespa yake. Kampuni ilipofunga nilimwita, tukakaa, nikamuuliza kwa mara ya kwanza alipata nini siku nilipotoa zile milioni sita. Akanyamaza, halafu akasema, "Laki sita, Mjomba." Shilingi kumi katika kila mia.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Alisema kweli. Kama ningalijua siku ile kwamba katika kila milioni yangu laki moja inatoka kabla haijawekezwa popote, ningalipiga hesabu. Ningalijiuliza kampuni itatoa wapi asilimia 8 kila mwezi kutoka katika fedha ambayo imeshapungua siku ya kwanza. Mimi ni mtu wa mizani, gunia likipungua kilo mbili njiani nalijua. Lakini swali lenyewe sikuliuliza, kwa kumwonea haya mtoto wa dada yangu.

Uingereza nao walikuwa na haya hayo. Kwa miaka mingi washauri wa fedha kule walionekana kama hawamdai mteja kitu. Walilipwa na kampuni ambayo bidhaa yake wameiuza, na bidhaa yenye kamisheni nono ndiyo iliyosifiwa zaidi. Mamlaka yao ya kusimamia mambo ya fedha ilianza kulipitia jambo hili mwaka 2006, msukosuko ukaja ukalitia nguvu, na tangu tarehe 31 Disemba 2012 mshauri wa kule haruhusiwi kupokea kamisheni ya kampuni kwa ushauri mpya wa uwekezaji anaompa mtu wa kawaida. Anakubaliana na mteja ada yake kabla ya kazi, kwa tarakimu. Na lazima aseme yeye ni mshauri wa aina gani: aliye huru, anayelitazama soko zima, au aliyefungika kwa bidhaa za kampuni chache.

Kisa kilichonikaa zaidi ni cha Australia, kwa kuwa kinahusu watu wa umri wangu. Katika mji wa Townsville palikuwa na kampuni ya ushauri iliyoitwa Storm Financial. Iliwashauri wateja wake, wengi wao wastaafu, waweke nyumba zao rehani, wakope, na fedha ya mkopo wanunulie vipande vya mifuko ya hisa, yaani mifuko inayokusanya fedha za watu wengi ikanunua hisa, na kila mtu akapata vipande kwa kiasi alichoweka. Hisa ziliposhuka 2008, deni lilibaki pale pale. Kampuni ikaanguka mwanzoni mwa 2009, na wazee wakabaki wanadaiwa nyumba wanazolala. Bunge lao likachunguza, na kuanzia tarehe 1 Julai 2013 sheria ikamlazimisha mshauri atangulize maslahi ya mteja wake, na ikakataza malipo yanayoweza kuupindisha ushauri anaoutoa.

Sasa namna ya kuuliza. Usiseme, "Kuna gharama?" Atakujibu hakuna, na pengine wewe kweli hutoi kitu mkononi. Sema hivi: "Mwanangu, mimi nikiweka milioni moja leo, wewe unapata shilingi ngapi, na anakupa nani?" Uliza kwa upole, kisha unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Nimeona watu wakiuliza vizuri halafu kwa huruma wakamjibia wenyewe: "Au labda ni mshahara tu, eh?" Naye akaitikia.

Kamisheni yenyewe si dalili ya wizi. Dalali wa shamba hulipwa, na sote tunajua ni dalali, hatumtegemei atwambie shamba gani litatufaa sisi. Tatizo ni dalali anayekuja kwa jina la mshauri. Akikutajia kiwango, mshukuru, kiandike juu ya karatasi yake pamoja na tarehe, umwombe atie saini. Akisita kutia saini, usitoe fedha siku ile.

Uliza pia ada ya kila mwaka, ile inayokatwa ndani ya mfuko bila ya wewe kuiona. Watu huipuuza kwa sababu ni tarakimu ndogo. Chukua karatasi ufanye hesabu na mimi. Weka shilingi 5,000,000 kwa miaka kumi, tuseme zinakua kwa asilimia 10 kila mwaka. Hii ni hesabu ya mfano tu, usiidhani ni ahadi ya mfuko wowote. Mwishoni zinafika karibu 12,970,000. Sasa toa ada ya asilimia 2 kila mwaka, yaani zikue kwa asilimia 8. Zinafika karibu 10,790,000. Tafauti ni zaidi ya shilingi milioni mbili, na kwa bei ambazo karafuu zimekuwa zikinunuliwa miaka hii hilo ni zaidi ya gunia kubwa la karafuu kavu.

Jua fedha inalala wapi

Katika kituo nilichofanyia kazi, mimi niliyeshika mizani sikugusa noti hata siku moja. Nikipima, nataja uzito kwa sauti mkulima akisikia, mwenzangu anaandika stakabadhi, na mkulima anakwenda na stakabadhi ile kwa mlipaji, dirisha jengine. Mkulima mwenye haraka aliona tunamchosha. Lakini ili aibiwe, ilibidi watu watatu wakubaliane. Mtu mmoja angalishika mizani, kalamu na sanduku, kumuibia kungekuwa kazi ya dakika moja.

Mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliopangwa vizuri ni hivyo hivyo. Yupo meneja wa mfuko, anayeamua ununuliwe nini. Yupo mwangalizi, ambaye kwa kawaida ni benki, anayezishika mali zenyewe. Yupo mkaguzi wa hesabu, ambaye hana udugu na hao wawili. Meneja anaweza kukosea akanunua hisa mbovu, na hilo litakupunguzia thamani ya kipande chako. Lakini hawezi kuzitia fedha katika begi akaondoka, kwa sababu begi liko kwa mwengine.

Bernard Madoff wa New York alishika mizani, kalamu na sanduku peke yake. Huyu hakuwa mtu wa vichochoroni. Aliwahi kuwa mwenyekiti wa soko la hisa la NASDAQ, na wateja wake walikuwa matajiri, mabenki na jumuiya za kheri. Taarifa za kila mwezi alizowapelekea zilionesha faida isiyopanda sana wala kushuka, mwaka mzuri na mwaka mbaya. Biashara za kununua na kuuza zilizoandikwa humo hazikuwahi kufanywa. Mteja mpya alimlipa mteja wa zamani. Mtu mmoja, Harry Markopolos, aliionya mamlaka ya masoko ya Marekani, SEC, mara kadhaa kuanzia mwaka 2000, na hakusikilizwa. Msukosuko ulipokuja wateja wengi walitaka fedha zao kwa pamoja, na hapo ndipo ilipojulikana hazipo. Alikamatwa tarehe 11 Disemba 2008. Kwenye karatasi alikuwa anadaiwa na wateja wake karibu dola bilioni 65. Mwaka 2009 alihukumiwa kifungo cha miaka 150.

Aliyemshikia Madoff mali za wateja ni kampuni yake Madoff mwenyewe. Mwaka ule ule wa 2009 SEC ikakaza sheria: meneja anayeshika mali za wateja atembelewe na mkaguzi huru angalau mara moja kwa mwaka, tena kwa kushtukizwa. Umoja wa Ulaya, ambako nako mifuko ilikuwa imepeleka fedha kwa Madoff, ukapitisha sheria mwaka 2011, na nyengine 2014 kwa mifuko inayouzwa kwa watu wa kawaida. Ile ya 2014 nimeipenda kwa uwazi wake: mwangalizi aliyepoteza hisa au hatifungani (karatasi za deni zinazolipa faida) anazozitunza, azirudishe.

Kwetu sisi kazi inaanza na waraka wa toleo, ile karatasi ndefu ambayo kila mfuko halali unayo. Tafuta mahali palipoandikwa mwangalizi. Soma jina la benki, kisha soma jina la meneja, uone kama ni watu wawili tafauti. Soma jina la mkaguzi. Halafu fanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi: nenda tawi la benki hiyo, hata ikibidi upande gari mpaka Chake Chake, uulize kama kweli wao ndio waangalizi wa mfuko huo na namba ya akaunti uliyopewa ni ya nani. Benki haitokutajia siri za mteja, lakini ukiandika hati ya kuweka fedha, jina la akaunti litatoka. Lisome herufi kwa herufi. Jina la mfuko liwe ndilo hasa, lisiwe jina linalofanana nalo.

Usiweke fedha ya uwekezaji kwenye namba ya simu ya mtu. Usimpe mtu bahasha, hata kama ni mtu unayemsalia nyuma. Mimi nilitoa bahasha ya kaki, mpwa wangu akaihesabu mbele yangu mara mbili, nikaandikiwa kijikaratasi chenye muhuri wa zambarau. Muhuri ule ninao mpaka leo. Polisi alipouona aliniuliza jina la benki, sikuwa na jina la kumtajia.

Leseni, na karatasi zinazofanana na leseni

Hapa nitakwenda haraka, maana jambo lenyewe ni la nusu saa. Watu huletwa cheti cha usajili wa kampuni kutoka Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali, wakaona muhuri wa serikali wakaridhika. Cheti kile kinasema tu kwamba kampuni imezaliwa. Namba ya mlipa kodi inasema inajulikana na watu wa kodi. Hata muuza maandazi anaweza kuwa navyo vyote viwili. Kukusanya fedha za umma kuziwekeza ni ruhusa nyengine. Mifuko ya uwekezaji wa pamoja, mameneja wake na washauri wa uwekezaji leseni zao hutoka Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mabenki leseni zao hutoka Benki Kuu. CMSA huweka orodha ya wenye leseni katika tovuti yake. Mwambie kijana wako aifungue mbele yako. Usitumie namba ya simu iliyoandikwa kwenye kipeperushi cha anayekuuzia, tafuta ya mamlaka yenyewe.

Na jambo moja linalochanganywa sana: ile kinga ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo tangu 2023 imepandishwa mpaka shilingi 7,500,000 kwa mwenye amana benki ikifilisika, ni ya fedha iliyowekwa benki. Vipande vya mfuko havimo. Anayekwambia "fedha yako ina bima ya serikali" huku anakuuzia vipande, ama hajui ama anakudanganya, na kwa vyovyote usinunue kwake.

Kuna neno upatu pia, ambalo sheria inalitumia kwa ubaya na sisi tunalitumia kwa wema. Upatu wa kinamama wa mtaani, watu kumi wanaojuana, kila mwezi mmoja anachukua, hauna faida inayoahidiwa na kila mtu anajua zamu yake. Sheria inapokataza upatu inakataza kitu chengine, kile cha kumlipa wa kwanza kwa fedha ya wa mwisho. Bara mwaka 2009 ilivunjika taasisi iitwayo DECI, ambako watu waliambiwa wanapanda mbegu na wangoje kuvuna. Ukisikia lugha ya shamba kutoka kwa mtu ambaye hana shamba, muulize anachokipanda ni nini hasa.

Fedha imenunua nini, na utaitoa vipi

Mwaka 2008 palikuwa na mfuko Marekani uitwao Reserve Primary Fund, wa aina ambayo huku kwetu huitwa mfuko wa ukwasi: unakopesha kwa muda mfupi, na watu wanauchukulia kama akaunti ya benki. Dola uliyoiweka unategemea uitoe dola, na faida kidogo juu yake. Ndani yake mlikuwa na karatasi za deni za benki ya Lehman Brothers zenye thamani ya dola milioni 785. Lehman ikaomba kufilisika tarehe 15 Septemba 2008. Siku ya pili yake mfuko ukatangaza kwamba kila kipande cha dola moja sasa kina thamani ya senti 97. Senti tatu tu, lakini watu walikuwa hawajawahi kuwaza kwamba hata senti moja inaweza kupungua. Wote wakakimbilia mlangoni, mfuko ukasimamisha kulipa, na wengine wakasubiri miezi kuzipata fedha ambazo walidhani ziko tayari siku yoyote.

Mwaka 2010 SEC ikaiwekea mifuko ya namna ile masharti: angalau asilimia 10 ya mali iwe ya kugeuzwa fedha ndani ya siku moja na asilimia 30 ndani ya wiki, na kila mwezi mfuko uchapishe orodha ya ulichonunua. Baadae masharti hayo yamekazwa zaidi.

Kwa hiyo ukishika waraka wa toleo, usisome kurasa za picha. Nenda panapoeleza mfuko unanunua nini na kwa kiwango gani: hatifungani za Serikali, amana za mabenki, hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ukikuta maneno kama "fursa mbalimbali" au "miradi yenye tija" na hakuna asilimia, funga waraka. Mpwa wangu alinambia fedha yangu inanunua dhahabu na inajenga hoteli Nungwi. Sikuuliza ni hoteli gani.

Kisha linganisha faida. Hatifungani za Serikali za muda mrefu katika miaka ya karibuni zimekuwa zikilipa takriban asilimia 12 mpaka 16 kwa mwaka. Shika tarakimu hiyo kichwani kama unavyoshika bei ya karafuu. Anayekuahidi asilimia 8 kwa mwezi anakuahidi asilimia 96 kwa mwaka. Muulize anauza nini ambacho Serikali, mabenki na matajiri wote hawajakijua. Na ukiona ahadi yenyewe haipandi wala haishuki, mwezi hadi mwezi, ogopa zaidi. Mkarafuu wenyewe hauzai sawa kila mwaka, na soko la hisa ni hivyo hivyo.

Halafu uliza njia ya kutokea. Maombi ya kutoa yanaandikwa wapi, yanachukua siku ngapi za kazi, kuna makato gani, na thamani ya kipande inayotumika ni ya siku gani. Mfuko halali hutangaza thamani ya kipande chake, nawe unaweza kuifuata gazetini au kwenye tovuti. Iandike kila wiki katika daftari kabla hujaweka hata shilingi. Miezi miwili ya kuandika itakufundisha kuliko mimi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na yangu ilikuwa hivyo hasa: nilipokwenda kushtaki, nilikuwa na muhuri wa zambarau na kumbukumbu za kichwani. Sikuwa na tarehe, wala nakala, wala jina kamili la aliyezipokea fedha kwa mpwa wangu. Kama limeshakukuta, kusanya karatasi na ujumbe wa simu kabla hujamgombeza mtu yeyote, maana ugomvi ukianza ujumbe hufutwa, kisha nenda polisi na uiandikie mamlaka.

Watu wengi huniuliza juu ya riba. Hilo mpelekee shekhe unayemwamini, umwoneshe orodha ya mali za mfuko, kwani hukumu inategemea kilichonunuliwa. Ninachoomba ni kwamba fatwa isichukuliwe kuwa leseni. Kampuni iliyochukua fedha yangu ilikuwa na neno halali kwenye kila ukurasa.

Ingia kwa kidogo, utoke, ndipo uingie

Msimu uliopita jirani yangu, mjane, aliuza karafuu za mikarafuu aliyoachiwa na mumewe akabakiwa na shilingi 4,000,000 baada ya kuwalipa wachumaji. Alikuja na waraka wa mfuko mmoja. Tulikaa naye siku tatu, jioni baada ya alasiri, tukausoma ukurasa kwa ukurasa, na mwanawe wa kike anayesoma skuli ya sekondari ndiye aliyekuwa akituandikia. Leseni ilikuwepo kwenye orodha. Mwangalizi alikuwa benki, meneja mwengine. Wakala aliyemletea alipoulizwa anapata ngapi, alitaja kiwango papo hapo akatia saini chini yake.

Hata hivyo nilimwomba asiweke zote. Aliweka laki moja. Baada ya wiki mbili akajaza fomu ya kutoa shilingi 30,000. Wakala alishangaa akampigia simu: "Bi mkubwa, kuna tatizo? Mbona unatoa mapema?" Akamjibu, "Hakuna tatizo, baba. Nataka kuijua njia."

Waraka ulisema siku tatu za kazi. Fomu ilipokewa Jumatatu. Binti alichora visanduku vitatu kwenye daftari, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na kila jioni mama yake alikuwa akija kibarazani kwangu na simu yake mkononi. Alhamisi saa nane mchana ujumbe wa benki uliingia: shilingi 30,000 kasoro makato, na makato yalikuwa yale yale yaliyoandikwa ukurasa wa kumi na moja. Alikitia alama kisanduku cha tatu, akalifunga daftari, akaniuliza gari ya kwanza ya kwenda Chake Chake Jumatatu asubuhi inaondoka saa ngapi.